Kuigiza na Kukejeli

Leo nazungumzia midomo ya waigizaji.

Ingia kwenye banda lolote la video hapa Singida mjini wakiwa wanaonyesha Get Out, ile filamu ya mwaka 2017 ya kijana mweusi anayepelekwa na mchumba wake kwa wakwe wa Kizungu na kukuta mambo. Waulize waliokaa kwenye mabenchi yule kijana ni wa wapi. Watakujibu Marekani, tena watakushangaa kwa kuuliza. Kumbe Daniel Kaluuya amezaliwa London mwaka 1989, wazazi wake ni Waganda, na hilo jina Kaluuya ni la Kiganda, halina hata harufu ya Marekani. Kile Kiingereza unachokisikia kwenye ile filamu alikivaa kazini. Akihojiwa anaongea Kiingereza cha mitaa ya Camden, London, alikokulia, na ukimsikiliza kwa mara ya kwanza unaweza kudhani wamekuletea mtu mwingine.

Hayuko peke yake. Mwaka 1939, binti wa Kimarekani maarufu kuliko wote kwenye sinema, Scarlett O'Hara wa Gone with the Wind, alichezwa na Vivien Leigh, Mwingereza aliyezaliwa Darjeeling, India. Wamarekani wa kusini walinung'unika kwamba mgeni amepewa binti yao, halafu mama yule akachukua Oscar. Miaka sitini na ushee baadaye, Idris Elba, mtoto wa London mwenye baba wa Sierra Leone na mama wa Ghana, alikwenda kwenye usaili wa The Wire, tamthilia ya mitaa ya Baltimore, akakaa na lafudhi ya Kimarekani tangu anaingia mlangoni. David Simon, mtunzi wa tamthilia ile, hakutaka Mwingereza. Alipokuja kuujua ukweli, kijana alishampendeza kiasi cha kumpa nafasi ya Stringer Bell.

Na kuna kisa kimoja kilichopita karibu na sisi kidogo, yaani kusini mwa bara letu. Hugh Laurie, Mwingereza aliyejulikana kwao kwa vichekesho, alikuwa Namibia akipiga filamu nyingine wakati huko Los Angeles wanatafuta mtu wa kucheza daktari mkali wa Kimarekani aitwaye House. Alijirekodi akiwa bafuni hotelini, kwa sababu huko ndiko kulikokuwa na mwanga wa kutosha, akatuma mkanda. Bryan Singer, mmoja wa wakuu wa utayarishaji, alikuwa amechoka na wageni wanaoigiza Umarekani, na inasemekana alipouona mkanda ule alisema huyu sasa ndiye Mmarekani hasa. Tamthilia ilianza 2004 ikaisha 2012, na kwa miaka yote hiyo wagonjwa wa kwenye runinga walitibiwa na Mwingereza.

Sasa tuje kwenye kazi yenyewe, maana wengi tunadhani lafudhi ya Kimarekani ni kubana pua na kutafuna maneno kama mtu mwenye jojo mdomoni. Nitakuomba ushirikiane nami, hata kama umekaa na watu. Watakuzoea.

Taja majina ya kwetu: Singida, Manyoni, Iramba. Umesikia uzito umekaa wapi? Singida, kwenye "ngi". Manyoni, kwenye "nyo". Iramba, kwenye "ra". Kiswahili huweka mkazo kwenye silabi ya pili kutoka mwisho, isipokuwa kwa maneno machache sana, na silabi zinazobaki hazinyimwi haki yake, kila moja inasikika kamili. Kiingereza hakina huruma hiyo. Kinachagua silabi moja kinaipa kila kitu, na zilizobaki kinazimeza mpaka irabu zake zinapoteza sura na kuwa mguno mfupi usio "a" wala "e" wala "o". Mmarekani akilisoma jina la mkoa wetu kwenye ramani, "ngi" itasikika, lakini "da" ya mwisho itafifia kabla haijafika sikioni. Kwa hiyo Mswahili anayetaka kuwa Mmarekani mbele ya kamera inabidi kwanza ajifunze uchoyo: kuacha kutamka vitu ambavyo mama yake alimfundisha kuvitamka vyote.

Halafu irabu. Sisi tunazo tano. Kiingereza cha Kimarekani kina zaidi ya kumi, na ndiyo maana paka wao, kukata kwao na mkokoteni wao, vitu vitatu mbalimbali, vyote vikipita kwenye kinywa cha mwanafunzi wa sekondari hapa kwetu vinatoka kwa sauti ile ile moja. Mwalimu wa lafudhi kazi yake ya kwanza ni kumfanya mwigizaji asikie kwamba hizo ni sauti tatu. Mdomo unafuata baadaye. Wengi wanashindwa kwenye sikio, wanalaumu ulimi.

Kisha R. Mwingereza wa London akilitaja gari kwa lugha yake, ile R ya mwisho haitoki. Wamarekani walio wengi wanaitoa, tena wanaukunja ulimi kuelekea nyuma bila kugusa popote. R yetu sisi inagusa. Lakini hapa kuna zawadi kidogo: T iliyo katikati ya neno lao la maji, Mmarekani anailainisha mpaka inakaribiana sana na R yetu ya kwenye "mara". Ulimi unagonga ufizi mara moja na kuondoka. Mwingereza anahangaika kuipata sauti hiyo, na wewe wa Ikungi unayo tangu unaanza kuongea. Tatizo ni kwamba hakuna aliyekuambia.

Na kuna pumzi. Weka kiganja mbele ya mdomo. Mmarekani akianza neno kwa P, kiganja chake kinapata upepo. Chetu sisi wa bara hakipati. Wazee wa Lamu na Mombasa wanaielewa habari hii bila kusoma chuo chochote, kwa sababu kwao paa la nyumba na paa wa porini hawatamkwi sawa, yule mnyama ana pumzi. Sisi wa huku juu tuliupokea Kiswahili pumzi zikiwa zimebaki pwani.

Nimekaa sana kwenye jambo hili kwa makusudi. Nataka ujue kwamba mtu kama Kaluuya akisimama pale na kukudanganya kwamba ni Mmarekani, nyuma yake kuna miezi ya kazi ya namna hii, sauti moja moja, na mwalimu anayelipwa kukaa pembeni ya kamera akisikiliza. Alipocheza Fred Hampton, yule kiongozi wa chama cha Black Panther wa Chicago aliyeuawa na polisi tarehe 4 Desemba 1969 akiwa na miaka 21, ilikuwa kazi kubwa zaidi. Hampton alikuwa mhutubu, sauti yake ilikuwa na mwendo wa mahubiri ya kanisani. Kaluuya alifanya mazoezi ya sauti na mwalimu wa uimbaji wa opera ili koo lake libebe hotuba zile, na yeye na wenzake walikwenda Chicago kukaa na familia ya marehemu, aliyekuwa mchumba wake na mtoto wake, kabla ya kupiga picha. Aprili 2021 akapewa Oscar.

Lakini kabla ya tuzo kulikuwa na ugomvi. Machi 2017, Samuel L. Jackson, mkongwe wa filamu za Marekani, alihojiwa na redio moja ya New York akauliza kwa nini nafasi kama ile ya Get Out amepewa Mwingereza, wakati weusi wa Marekani ndio waliokulia ndani ya ubaguzi ule unaosimuliwa. Kaluuya alijibu kwamba amechoka kutakiwa kuthibitisha weusi wake, kwamba London nako kuna polisi na kuna ubaguzi. Jackson baadaye alieleza kwamba hakuwa akiwashambulia waigizaji, alikuwa akizungumzia namna Hollywood inavyoendeshwa.

Mimi nakubaliana na mzee Jackson nusu. Ana haki ya kuuliza nani anapewa kazi, na kwa bei gani. Hilo ni swali la ajira, na mwenye nyumba anaruhusiwa kuuliza. Ila akifika mahali pa kusema kwamba aliyezaliwa kwingine hawezi kuubeba uchungu ule, hapo namwacha. Angalia 12 Years a Slave ya mwaka 2013, simulizi ya kweli ya utumwa wa Louisiana. Mwongozaji, Steve McQueen, ni Mwingereza. Solomon Northup, mtu huru aliyetekwa akauzwa, amechezwa na Chiwetel Ejiofor, Mwingereza mwenye wazazi wa Nigeria. Bwana katili amechezwa na Michael Fassbender, aliyezaliwa Ujerumani akakulia Ireland. Na Patsey, yule binti anayeokota pamba nyingi kuliko wanaume na kuchapwa kuliko wote, amechezwa na jirani yetu Lupita Nyong'o. Sijamsikia Mmarekani aliyetoka kwenye ukumbi ule akisema hawa hawakuelewa.

Tukae kidogo na Lupita, maana kisa chake ndicho kilichonifanya niandae mazungumzo haya.

Alizaliwa Mexico mwaka 1983, baba yake, Profesa Anyang' Nyong'o, akiwa huko, akakulia Kenya. Akaenda Marekani, na baadaye akaingia shule ya maigizo ya Chuo Kikuu cha Yale. Mwaka 2024, kwenye kipindi chake cha sauti kiitwacho Mind Your Own, alisimulia mwenyewe alichokifanya huko. Alijitazama akaona kwamba kwenye filamu na runinga za Marekani hakuna mtu anayeongea kama Mkenya, kwa hiyo soko la ulimi wake halipo. Akajiwekea ahadi: ataongea Kimarekani, na si darasani tu, bali dukani, kwenye simu, kila mahali, mpaka kikae. Alisema kilimliza. Siyo kwa ugumu wa R wala T. Kilimliza kwa sababu kila asubuhi alikuwa anaamka na kuanza siku kwa sauti ambayo hakuijua kuwa ni yake.

Kikakaa. Akapata Patsey. Kisha wakati wa kuizungusha filamu ile kwa waandishi wa habari, akiwa sasa anajulikana dunia nzima, akaamua kurudi kwenye lafudhi yake ya Kenya mbele ya vipaza sauti, na kuiacha ile ya Kimarekani iwe ya kazini. Machi 2014 alipopanda jukwaani kupokea Oscar, ulimi ulikuwa safarini kurudi nyumbani. Anasema nao ulichukua muda, haukurudi siku moja. Kuna waliomcheka kwamba sasa anaigiza Ukenya. Ndivyo tulivyo.

Tangu hapo amefanya mambo matatu ambayo mwanafunzi yeyote wa sanaa pale kwenye vikundi vyetu vya maigizo ayatazame kwa mfululizo. Mwaka 2016, kwenye Queen of Katwe, ni mama wa Kampala, mama Harriet, muuza mahindi na mlezi wa watoto peke yake. Mtu wa mbali atasema Kenya na Uganda si yale yale? Si yale yale. Kiingereza cha Nairobi na cha Kampala vinatofautiana namna irabu zinavyovutwa na mahali sentensi inapopumzika, na watu wa Katwe wangemkamata siku ya kwanza. Mwaka 2018 ni Nakia wa Wakanda, nchi ya kubuni ya filamu ya Black Panther. Mwaka 2019, kwenye Us, ni Mmarekani mara mbili ndani ya filamu moja: mama wa kawaida wa California, na pacha wake wa kutisha mwenye sauti iliyokwaruzika, sauti aliyoijenga baada ya kuchunguza ugonjwa wa misuli ya koo unaomfanya mgonjwa akabwe na maneno yake. Koo ni lile lile moja la Mjaluo wa Kenya.

Na hiyo Wakanda inatupeleka upande wa pili wa barabara, ambako trafiki ni haba. Kwa miaka mingi Mmarekani akiigiza Mwafrika hakuhitaji mwalimu. Alikuwa na lafudhi moja ya bara zima, nzito, ya taratibu, isiyotoka nchi yoyote. Coming to America ya mwaka 1988 ilifanya mzaha wa jambo hilo, na mzaha ukawa mzuri kwa sababu nchi yenyewe haikuwepo. Ila filamu nyingine hazikuwa na mzaha. Chadwick Boseman, Mmarekani wa South Carolina, alipopewa Black Panther alikataa kuongea Kiingereza cha Uingereza wala cha Marekani. Hoja yake ilikuwa nyepesi: mfalme wa nchi ambayo haijawahi kutawaliwa na mkoloni amejifunzia wapi lafudhi ya mkoloni? Basi lugha ya Wakanda ikawa isiXhosa, kutoka kwa mzee John Kani wa Afrika Kusini aliyecheza baba yake, na mwalimu wa lafudhi akawa Beth McGuire, mama aliyefundisha Yale na kuandika kitabu kizima cha mazoezi ya lafudhi za Kiafrika. Wamarekani wakakaa chini kujifunza vidoko.

Msikilizaji wa Mkalama, hapo nadhani umecheka. Vidoko, zile sauti za kubonyeza ulimi zinazowapa kazi watu wa Hollywood, viko kwako Munguli. Wahadzabe wanavitoa tangu utotoni bila mwalimu, kwa lugha ambayo wataalamu hawajaipatia ndugu duniani. Ukivuka kwenda Chemba kwa Wasandawe unavikuta tena. Na sisi wengine wa mkoa huu, tukimsikia Mhadzabe anaongea mnadani, tunafanya nini? Tunamwiga. Tunabonyeza ulimi mara mbili tatu, tunacheka, tunaendelea na bei ya mbuzi.

Hapo ndipo nilipokuwa nakuja tangu mwanzo. Kuna kuigiza na kuna kukejeli. Vyote viwili vinatumia kinywa cha mtu mwingine, lakini kimoja kinaanza kwa kusikiliza.

Mfano wa kusikiliza, tena unaotuhusu, ni Forest Whitaker. Huyu ni Mmarekani, na mwaka 2006 alitoka kwenye sinema akiwa Idi Amin, katika The Last King of Scotland. Alikwenda Uganda, alikutana na watu waliomjua Amin, na alijifunza Kiswahili, kwa sababu Amin alikitumia. Alipewa Oscar mwaka uliofuata. Nchi hii ina wazee wengi waliokwenda vitani Kagera kati ya mwaka 1978 na 1979, wengine wamo humu humu mkoani na wananisikiliza. Hao Amin hawakumjua kwa filamu, walimjua kwa redio na kwa mizinga. Mzee wa namna hiyo humdanganyi na lafudhi ya bara zima. Whitaker aliigiza kana kwamba mzee huyo amekaa mstari wa mbele.

Sasa geuza macho, tazama filamu zetu. Bongo Movie ikitaka Msukuma, inatafuta mtu wa kuvuta maneno na kuvaa kofia. Ikitaka Mhaya, inachanganya Kiingereza na kutunisha kifua. Mchaga ni wa hela, Mmakonde ni mlinzi wa geti. Mnyaturu na Mnyiramba tunatokea mara chache, na tukitokea ni mfanyakazi wa ndani aliyetoka kijijini jana. Sisemi vichekesho vife. Marehemu King Majuto alituchekesha na Utanga wake mpaka machozi, na Utanga ule ulikuwa wake kweli, haukuazimwa. Nasema ile lafudhi ya kuokota, ya mtu ambaye hajawahi kukaa Ilongero wala Kinampanda, anayeitoa mbele ya kamera kwa dakika tatu kama leseni ya kumfanya mhusika awe mjinga. Katika filamu zetu mwenye lafudhi ya mkoani haruhusiwi kuwa daktari. Haruhusiwi hata kupenda kwa dhati. Anayependa kwa dhati anaongea Kiswahili cha Mikocheni.

Na hili halijaanzia kwa watayarishaji. Limeanzia kwetu watazamaji. Marehemu Steven Kanumba, mtoto wa Shinyanga, alifika mbali kuliko wenzake wa wakati ule. Alicheza na Wanaijeria, akina Ramsey Nouah, na mwaka 2009 alitembelea nyumba ya Big Brother Africa. Aliporudi, mitaani hatukuuliza amejifunza nini wala amekutana na nani. Tulicheka Kiingereza chake. Mwigizaji anayeijaribu lugha ya kazi mbele ya bara zima anachekwa na watu ambao wangeombwa sentensi mbili tu wangekimbilia chooni. Wakati wenzetu wanawalipia waigizaji wao walimu, sisi wa kwetu tulimlipa kicheko.

Hata hivyo wapo waliojaribu. Josiah Kibira, Mtanzania anayeishi Minnesota, alitengeneza Bongoland mwaka 2003 kuhusu maisha ya Mtanzania aliyekwama Marekani. Na mwaka 2015 ikatoka Going Bongo, ambamo Mtanzania Ernest Napoleon anacheza daktari kijana wa Kimarekani anayejikuta ametupwa hospitalini Dar es Salaam kwa mwezi mzima pasipo kukusudia. Fikiria kazi hiyo: Mtanzania anayelishangaa jua la Dar kama hajawahi kuliona, anayekosea mambo ambayo yeye mwenyewe anayajua. Pale lafudhi haitoshi, lazima hata macho yawe ya mgeni. Filamu ile ina udhaifu wake, hadithi inateleza mahali, lakini kwa jambo hilo namvulia kofia.

Kuna pia mafundi wetu ambao hatuwahesabu. Kabla runinga za kulipia hazijaingia vijijini, filamu za nje zilitufikia kupitia watafsiri, akina Lufufu na DJ Mark, waliotia Kiswahili juu ya Kimarekani, Kichina na Kihindi. Wale hawakutafuta lafudhi ya Arnold Schwarzenegger, ambaye naye kwa taarifa yako ni Mwaustria aliyetajirika bila kuiacha lafudhi yake. Walimgeuza akawa mtu wa uswahilini, anatukana kwa Kiswahili, anadaiwa na mama ntilie. Siku hizi tamthilia za Kituruki za Azam na zile za Kichina za StarTimes zinaingizwa sauti na vijana wa Kitanzania, studio, kwa mkataba. Ni ajira nzuri. Lakini sikiliza: Mturuki wa ikulu, Mchina wa Beijing, mfalme na mpishi, wote wanaongea Kiswahili cha mji mmoja. Mpishi wa sultani angeweza kabisa kuwa na Kiswahili cha Kigoma na sultani cha Unguja, na tungeijua hadhi yao kabla hawajavua viatu.

Na nisiache nyumba yangu mwenyewe, redio. Kuna watangazaji, tena wapo wengi, wakishika kipaza sauti wanakuwa Wamarekani wa kuanzia saa moja hadi saa nne. R inakunjwa kwenye "habari". T inapigwa pumzi kwenye "taarifa". Wanamsalimia bibi wa Mgori kwa lafudhi ambayo Mmarekani hataitambua na bibi hataielewa. Lupita alijifunza ile lafudhi kwa sababu kulikuwa na mhusika anayeihitaji. Sijui mhusika wa hawa ndugu zangu ni nani. Mimi nilipoanza kazi hii, bosi mmoja aliniambia nitoe Unyaturu kwenye sauti. Nilimuuliza uko wapi ili nijue pa kuanzia. Hakuweza kunionyesha. Alijua tu kwamba upo.

Upo, na ningependa uendelee kuwepo. Kinyaturu kina irabu saba, mbili zaidi ya Kiswahili. Kinatumia toni, yaani sauti ikipanda au ikishuka, maana inaweza kubadilika. Mtoto aliyekulia nacho amekwisha kufundishwa kusikia tofauti ambazo mtoto wa lugha ya irabu tano hazisikii, na nimeshasema kwamba kwenye kazi hii sikio ndilo linalowaangusha wengi. Yaani kile kitu anachochekwa nacho akifika Dar ndicho ambacho shule ya maigizo ingemtoza ada kumpa.

Vijana wa vikundi vya maigizo mlionipigia wiki iliyopita mkiuliza mtajifunzaje lafudhi ya Kimarekani ili mwende kwenye usaili, jibu langu ni hili. Filamu zipo, simu mnazo, chagueni Mmarekani mmoja wa mji mmoja, msichukue Marekani nzima. Msikilizeni sentensi moja kwa siku nzima, mjirekodi, mlinganishe. Lakini kabla ya hapo fanyeni zoezi la bure. Nendeni mnadani na simu ile ile, muombe ruhusa, mumrekodi mama mmoja wa Kinyiramba akipatana bei ya kuku, na mzee mmoja wa Kitaturu akieleza ng'ombe wake alikopotelea. Mrudi nyumbani muigize mazungumzo yao yote, bila kuongeza chumvi, kisha muwachezee wao wenyewe. Wakicheka, angalieni wanacheka nini. Kama wanawacheka ninyi, rudini mkarekodi upya.

Jumatano ijayo, saa hii hii, tutakuwa na wakulima wa alizeti wa Mkalama na habari ya bei ya mbegu. Nimewaomba waje na Kiswahili chao.